Pembe Iliyokunjwa Mara Tatu

Fundi wa gramafoni aliijua kazi yake barabara, na hilo ndilo lililomponza. Aliwadharau wateja, akawadharau mafundi wenzake, na zaidi ya wote akamdharau mkewe, aliyemsafishia sindano miaka kumi na tisa bila kusikia asante.

Mwalimu mstaafu alipoleta sanduku lake la gramafoni na kunong'ona, "Fundi, linahema hata bila santuri," fundi alicheka mpaka akakohoa.

"Mbao haihemi, mwalimu. Zamani pembe ya kutolea sauti ilikaa nje, imechanua kama ua, unaona mpaka kooni. Watu wakachoka kuifuta vumbi, wakaificha ndani, fupi, ikawa inakoroma tu. Waliokuja mwisho ndio wenye akili: wakaikunja mara tatu, pembe ndefu ikaenea kwenye sanduku fupi. Ulichosikia ni panya."

Mwalimu alipoondoka, fundi akaingiza utepe wa kupimia kwenye mdomo wa pembe. Ulipaswa kugota mita mbili. Ukaingia mita tatu, nne, kisha kitu kilichomo kikauvuta wote ukazama ndani, taratibu. Karakana ikanuka nywele zilizoungua.

"Mume wangu, liache," mkewe akanong'ona. "Humo mna mtu."

"Nyamaza! Jini gani mwenye akili zake atakaa sandukuni?"

Akasogeza uso mdomoni mwa pembe akamtukana aliyemo, yeye na babaye, tusi refu lililopita kona ya kwanza, likapinda ya pili, likazama ya tatu bila mwangwi, na pumzi yake mwenyewe ikalifuata, asiweze kuizuia, huku pumzi nyingine, ya moto, ikimpanda kinywani na kushuka kifuani kama mtu anayeingia kwake.

Alipoinua uso, alikuwa akitabasamu. "Samahani, mke wangu. Umechoka. Kaa, nikuletee maji."

Sandukuni sauti ikafoka: "Huyo si mimi! Kamwite mganga, unasubiri nini, kichwa maji wewe?"

Mke alijua vizuri yupi ni mumewe. Mganga alikaa nyumba ya tatu tu kutoka hapo. Yule mwingine akamletea maji kwa mikono miwili, vidole vimerefuka kidogo kuliko vya asubuhi, akasubiri kwa adabu mpaka mke akamaliza kunywa.

Mke akainama penye pembe. "Sema 'tafadhali'."

Sauti ikafoka: "Nikuambie tafadhali wewe? Wewe nani?"

Mke akafunga milango ya sanduku, akampigia mwalimu simu aje kulichukua.