Picha za Marehemu Chumbani kwa Wifi

"Fundi, picha za baba wa watoto wangu ziko wapi?"

Fundi rangi akaweka brashi chini. Simu nusura imponyoke.

"Mama Pacha, nisikilize kwanza..."

"Nisikilize nini? Nimefungua sanduku, tupu! Hata barua zake hazimo! Nilikuachia chumba upake rangi, sikukwambia umfute mtu!"

"Niliogopa kukwambia."

"Yaani umemwonea wivu hadi marehemu?"

Simu ikakatwa. Punde ujumbe ukaingia: "Ijumaa usihangaike kuja na wazee wako. Ndoa hakuna."

Masikini fundi wa watu! Lakini Mama Pacha naye utamlaumu? Mumewe alifariki pacha wakiwa bado tumboni. Watoto wale wanamjua baba yao kwa picha tu, na picha zenyewe ndizo hizo.

Simu ya Mama Pacha ikaita. Alikuwa dada yake fundi.

"Wifi, njoo kwangu mara moja."

"Nije unitetee ndugu yako?"

"Njoo uone kwa macho yako. Ukitaka kututukana, utatutukana ukiwa umekaa."

Akaenda, amefura kweli kweli. Wifi akamfungulia chumba cha wageni. Pazia limeshushwa jua lisipenye, feni inazunguka polepole. Kamba imevutwa kutoka ukuta hadi ukuta, na picha zinaning'inia kwa vibanio vya nguo, moja moja, zisigusane. Barua zimelazwa kitandani katikati ya karatasi nyeupe.

Mama Pacha akaisogelea kamba, akatazama picha moja moja.

Fundi akatokea mlangoni, rangi ingali kwenye nywele.

"Sanduku lilikuwa limeegemea ukuta wa bafuni," akasema. "Bomba linavuja kwa ndani. Nilipolisogeza nikakuta chini kumeloa, picha zimeanza kuota ukungu. Nikasema ukiziona vile utazimia. Acha nizikaushe kwanza."

"Na hii mbona bado iko kwenye fremu?"

"Imegandana na kioo. Ningeivuta, sura ingebaki kwenye kioo. Nimeipiga picha hivyo hivyo ilivyo, yenyewe tusiiguse."

Ilikuwa picha ya marehemu akicheka, kiganja juu ya tumbo la mkewe. Ndiyo picha pekee ya pacha wakiwa na baba yao.

Mama Pacha akaketi pembeni ya kitanda.

"Kwa nini ujisumbue hivi kwa mwanamume mwenzio?"

"Watoto watakuja kuniuliza baba yao alikuwa na sura gani. Nitawajibu nini? Halafu bila yeye, hao pacha ninaowapenda ningewapata wapi?"

Machozi yakamshuka Mama Pacha, wala hakuyafuta.

"Asante, Fundi. Asante sana. Na unisamehe mdomo wangu."

"Mimi je, sishukuriwi?" wifi akadakia. "Wageni wangu wanalala sebuleni kwa ajili ya marehemu wenu!"

Wakacheka wote watatu. Kisha fundi akamgeukia Mama Pacha.

"Kwa hiyo Ijumaa nije na wazee?"

"Ijumaa usije."

Fundi akainamisha kichwa.

"Ijumaa mbali," Mama Pacha akasema, akimshika mkono wenye rangi. "Njoo nao kesho."