Tabaga Lisilofungwa

Siku waliyokabidhiwa funguo za ile nyumba ya Kimaka, Jinja, Zahara alitembea chumba kwa chumba akiwa peku, akigusa kuta. Mumewe Jafar, fundi wa magari jeshini, alisimama mlangoni akimcheka. Mwache acheke. Hakujua uchungu wa mwanamke aliyeishi miaka yote ya ndoa katika chumba kimoja cha kambini, ambamo hata kitanda kina namba ya serikali ubavuni. Sasa Zahara alikuwa na sebule, vyumba viwili, jiko, na uani pa kuanika nguo. Nyumba ilikuwa ya kupanga, ndiyo, lakini aliyeamua sufuria ikae wapi alikuwa yeye, na binti yao Hadijah, mwenye miaka sita, angekua akijua mama yake ana kwake.

Pesa ya kuchezea haikuwepo. Jafar alileta matairi yaliyolika, Zahara akayaviringishia kamba ya katani, akaweka godoro dogo juu, yakawa viti ambavyo wageni waliviulizia vilinunuliwa wapi. Makreti ya soda aliyapiga msasa na rangi nyeupe, yakawa meza ya televisheni. Mapazia yalikuwa mashuka ya mitumba ya buluu aliyoyawahi sokoni alfajiri, kabla wenye maduka hawajayachagua, akayapeleka kwa fundi cherehani mmoja wa barazani Main Street. Kwa kweli alikuwa na jicho. Vitu ambavyo wewe na mimi tungeviona takataka, yeye aliviona vimekwisha kupendeza.

Kuta tu ndizo zilizobaki tupu. Zahara ni Mnubi, na katika nyumba za bibi zake kuta hazikuwa tupu hata siku moja. Zilijaa matabaga, yale masinia ya kusuka ya rangi nyekundu, zambarau na kijani, yanayozunguka kuanzia kitovuni hadi ukingoni. Mama yake alifariki kabla hajamfundisha hata kushika sindano ya kusukia. Kwa hiyo Zahara aliyajua matabaga kwa macho tu, na mambo yanayoandamana nayo hakuyajua. Hapo ndipo balaa lilipopata njia.

Alisikia kwamba kule Masese, karibu na mwalo wa samaki, kuna vyumba vinaondolewa vyombo vya bibi mmoja wa Kinubi aliyefariki. Mwenye vyumba aliitwa Norah, mwanamke mnene wa Kisoga mwenye haraka zake. Alimwonyesha fungu la matabaga sakafuni. Moja lilikuwa kubwa kuliko yote na zuri kuliko yote, ila ukingo wake haukuwa umefungwa. Nyasi za ndani zilikuwa zimetokeza, na uzi wa mwisho ulining'inia.

"Mama, chukua yote. Mimi nataka nyumba iwe wazi tu," Norah alisema. Kisha akalitazama lile kubwa kwa pembe ya jicho. "Hii mzee hapana ruhusu mutu kushika. Alikuwa nafunika na shuka."

Zahara alidhani anapandishiwa bei. Akaomba lile liwe la nyongeza, bure. Norah akakubali kabla Zahara hajamaliza kusema. Mfanyabiashara anayekubali upesi hivyo ana lake jambo, na Zahara mwenyewe alilifikiria hilo njiani, lakini furaha ilimzidi. Jioni ile ile alilitundika katikati ya sebule, na yale madogo akayazungushia pembeni.

Wiki iliyofuata Shangazi Juwairiya akaja kutoka Mbale kuibariki nyumba. Huyu ndiye aliyemlea Jafar, na ndiye aliyetaka Jafar amwoe msichana mwingine wa mtaa wake wa Namakwekwe. Zahara hakuwahi kulimeza hilo. Mzee alisifu viti, akasifu mapazia, akafika kwenye ukuta na kusimama.

"Halijafungwa hili," alisema. "Litoe."

Hakueleza. Zahara alicheka kwa meno tu, akaenda kuchemsha chai. Hata kwangu, alijiambia, hata kwangu nipangiwe cha kutundika. Tabaga likabaki, na shangazi aliyekuja kwa siku chache akasema atakaa kidogo.

Jambo la kwanza kuonekana lilikuwa uzi wa buluu. Zahara alikuwa akipangusa vumbi alipouona kwenye ukingo wa tabaga, mstari mwembamba ambao hakuukumbuka. Aliligusa pazia. Pindo lake lilikuwa limefumuka kwa upana wa kiganja. Alimtazama shangazi, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka akiuelekea ukuta ule ule. Kwenye mapaja yake kulikuwa na vipande vya nyasi.

Kisha akaona uzi wa kijani. Jafar alilalamika kwamba shati lake la kijani la kazi limefumuka kwenye kifundo cha mkono, ukosi nao umeanza kuachia. Zahara alianza kumchunguza mzee. Akienda sokoni alirudi ghafla. Mara mbili alimkuta amesimama mbele ya tabaga, mikono juu, vidole vikifanya kazi upesi upesi. Mara zote mbili mzee alishusha mikono na kuuliza kama mchele umepanda bei. Sindano kubwa ilikuwa imechomekwa kwenye pindo la kanga yake.

Mtu akishakushuku, kila unachofanya kinakushitaki. Shangazi akichelewa kulala, anasubiri watu walale. Akiwahi kuamka, alikuwa na kazi. Akimpakata Hadijah, anampima. Zahara alimweleza Jafar, na Jafar akamwomba tafadhali asimletee hayo, yule ni mama yake.

Kisha Zahara akamsuka mtoto nywele siku ya Ijumaa. Nyuma, juu kidogo ya shingo, vidole vyake vikagusa ngozi. Kishungi kizima kilikuwa kimekatwa, kwa usafi, karibu na kichwa.

Hakuuliza. Alikwenda moja kwa moja ukutani. Baada ya mstari wa kijani kulikuwa na mstari mweusi, laini, unaong'aa.

Alichosema mchana ule hakikustahili kusemwa kwa mtu mzima, na Zahara hadi leo akikikumbuka anainamisha kichwa. Alimwita mchawi mbele ya mtoto. Alimwambia alishindwa kumzuia Jafar kwa maneno, sasa amekuja na sindano. Shangazi Juwairiya alisikiliza mpaka mwisho. Hakujitetea. Alikunja kanga zake taratibu, akamwangalia Hadijah, halafu akauangalia ukuta.

"Naondoka," alisema. "Lakini mtoto usimwache peke yake nalo."

Jafar alimsindikiza hadi kituoni, akarudi. Zahara alipiga deki nyumba nzima. Alijisikia mwepesi.

Kesho yake asubuhi tabaga lilikuwa na mstari mpya.

Alijaribu kujiambia ulikuwepo. Akaenda jikoni kuosha vikombe, akarudi. Ulikuwa mrefu zaidi. Jua lilikuwa limejaa sebuleni, mlango ulikuwa wazi, jirani alikuwa akitwanga karanga uani kwake. Hakukuwa na mtu ndani. Alilitungua tabaga, akalitia kwenye gunia, akalifunga kwa kamba na kulisukuma chini ya kitanda. Akasoma Ayatul Kursi. Akatoka kuanua nguo.

Aliporudi lilikuwa ukutani.

Nyumba nayo ikaanza kujipanga. Kwanza ni kiti kimoja cha tairi, kilichosogea karibu na dirisha. Kisha makreti yakahamia ukuta wa pili. Mapazia ya chumbani yakawa sebuleni. Jambo lililomuumiza Zahara, na hili alilisema mwenyewe, ni kwamba palipendeza. Kila kitu kilikaa mahali pake hasa. Alikirudisha alipokiweka yeye, na nyumba ikaonekana mbaya. Jafar alimsifu kwa mpangilio mpya. Zahara akajibu ahsante.

Hadijah akaanza kuongea jikoni. Sauti ya chini, ya kujibu. Ndiyo. Hapana. Amelala. Zahara alipoingia, mtoto alikuwa peke yake, akichambua mchele kwenye ungo kwa ustadi ambao hakufundishwa.

"Unaongea na nani?"

Mtoto aliweka ungo chini.

"Na mwenyewe," alinong'ona.

Simu ya shangazi iliita tu bila kupokelewa. Siku hiyo Zahara aliitafuta kanga yake ya arusi, akaikuta kwenye sanduku ikiwa imepoteza pindo lote la upande mmoja. Hakuhitaji kuambiwa. Alikwenda ukutani. Rangi ya kanga yake ilikuwa imezunguka karibu ukingo wote. Ilibaki nafasi ndogo, ya upana wa vidole viwili, na nyasi zake zilikuwa zimekwisha kulowanishwa, tayari kukunjwa.

Siku iliyofuata Jafar alikuwa na mapumziko. Zahara alimwachia mtoto, akamwambia asimtoe machoni, akapanda gari la Mbale alfajiri. Angemchukua Hadijah, lakini mtoto alikuwa na homa kidogo, na baba yake alikuwepo. Aliona yuko salama zaidi na baba yake. Hivyo ndivyo alivyowaza, na ni nani angewaza vingine?

Alimkuta Shangazi Juwairiya barazani kwake Namakwekwe. Alipiga magoti kumwamkia, akabaki pale pale chini. Mzee hakumwuliza kilichomleta. Alimnyooshea mikono tu. Ncha za vidole zilikuwa zimechanika, zikapona, zikachanika tena.

"Mimi nilikuwa nafumua," alisema.

Ndipo akaeleza. Zamani msichana wa Kinubi akichumbiwa huanza kusuka tabaga lake. Siku akilifunga ukingo, ndiyo siku anayoingia kwenye nyumba yake. Akifa kabla, tabaga huzikwa naye. Kama mama amelificha kwa uchungu wa mtoto, basi hufunikwa kwa shuka na halitundikwi abadani, kwa maana ukilitundika umemwonyesha bibi arusi nyumba. Atalimaliza. Na atalisukia vitu vya nyumba hiyo, ili kila kilichomo kiwe chake.

"Kwa nini hukunieleza?" Zahara aliuliza.

"Ungenisikia?"

Zahara akauliza mbona mzee hakulichoma moto.

"Uzi wa Jafar umo. Nywele za mtoto zimo. Nichome nini? Nilikuwa nafumua mchana, yeye anasuka usiku, tunakwenda sawa." Mzee akamkazia macho. "Leo nani yuko nyumbani?"

Alipoambiwa, aliinuka bila kutafuta viatu vyema.

Walirudi Jinja pamoja, wamekaa bega kwa bega. Jafar alipokea simu ya Zahara mara moja tu. Alicheka, akamwambia Zahara aache utani, akakata. Baada ya hapo hakupokea tena.

Walifika baada ya sala ya alasiri. Kizingiti kilikuwa kimeoshwa. Harufu ya udi ilitoka hadi barabarani, udi wa arusi, na ndani ya nyumba hapakuwahi kuwa na udi. Zahara aliusukuma mlango, ukakataa. Ikambidi apige hodi kwake mwenyewe.

Hadijah alifungua. Homa ilikuwa imeisha. Alikuwa ameogeshwa, amepakwa mafuta, nywele zimesukwa kwa mtindo ambao Zahara aliuona kwenye picha za bibi zake tu. Mtoto alimrukia shangazi.

"Bibi! Umerudi!"

Kisha akamgeukia Zahara. Akapiga goti kwa adabu, kama alivyofunzwa kuwapigia watu wazima asiowajua.

"Karibu, mgeni," alisema. "Subiri hapo. Mama yuko ndani anapakua."

Jafar alitokea chumbani akijifunga mkanda. Alimwona mkewe mlangoni, na uso wake ukalegea. Aligeuka kutazama jikoni, akamtazama tena Zahara.

"Wewe si ulirudi asubuhi?" alinong'ona. "Si tumeongea?"

Jikoni kijiko kiligonga sufuria. Mara moja. Kisha kimya.

Waliingia jikoni wote watatu. Hakukuwa na mtu. Sebuleni chakula kilikuwa mezani, kinafuka moshi, sahani za watu watatu. Ukutani tabaga lilikuwa limefungwa ukingo mzima, mshono mdogo mdogo, wa sawasawa, wala hukuweza kuona uzi ulipoishia. Shangazi Juwairiya alipitisha kidole chake kilichochanika kuzunguka duara lote, akitafuta pa kuanzia kufumua. Alizunguka tena. Halafu akakaa chini na kulia.

Walihama wiki ile ile, wakaacha viti, mapazia, kila kitu. Zahara hakutaka hata kijiko. Sasa wanaishi Namakwekwe katika chumba kimoja cha shangazi, na Jafar huja mwisho wa wiki. Masheikh wamesoma, madaktari wa Mbale wamempima mtoto. Wote wanasema ni mzima, na kweli ni mzima. Anakula, anacheza, anaongoza darasani. Bado anamwita Jafar baba, na shangazi anamwita bibi.

Zahara ndiye anayemwogesha na kumlaza. Mtoto hamkatalii. Ana adabu mno, humshukuru kwa kila kitu, na hamkosei hata siku moja. Ila kila Ijumaa, akishavalishwa nguo safi, huketi mlangoni na viatu vyake mguuni, akamsubiri Zahara apite, kisha humvuta kanga polepole ili asimuudhi.

"Mgeni," humwuliza, "leo utanirudisha nyumbani? Mama atakuwa ananingoja."