Mafuta ya Goti la Bi Samia

Kifuniko cha birika kiligonga taratibu jikoni. Alfajiri ilikuwa bado. Bi Samia alisimama nyumbani kwake Kandara, Jeddah, mkono mmoja umeshika goti. Simu ikalia. Ni Hamad, mjukuu wake anayesoma Ulaya. Keshokutwa anakuja umra.

"Bibi, nimekununulia mafuta ya goti. Yametokana na bangi, lakini hayalevyi. Huku yanauzwa dukani."

"Bangi? Ndiyo masomo hayo uliyoyafuata?"

Hamad akacheka. "Nimekutumia karatasi ya maabara. Kinacholevya kinaitwa THC. Kimo asilimia 0.2 tu. Kama sifuri!"

Bi Samia alifurahi kukumbukwa. Lakini moyo haukutulia.

Asubuhi alikuja Keziah, jirani Mkenya anayefanya kazi maabara ya hospitali. Kila Ijumaa humpandishia Bi Samia maji ya kunywa ghorofa ya tatu, bila kuombwa. Alitua katoni, akasoma ile karatasi kwenye simu.

"Bibi, asilimia 0.2 ni hivi: kwa kila gramu mia za mafuta, THC ni gramu 0.2. Kwa kilo nzima, gramu mbili."

"Si kidogo sana?"

"Ukitia gramu mbili za chumvi kwenye kilo ya unga, chumvi imo ama haimo?"

"Imo."

"Basi. Chupa yenyewe, imeandikwa hapa, ni gramu thelathini. Ndani mna miligramu sitini za THC. Kama maabara haingeona kitu, ingeandika haikuonekana. Na hata hapo mimi singeibeba. Huko Ulaya aliko Hamad kiasi hiki kinaruhusiwa. Hapa Saudia bangi ni bangi, hata kidogo. Akishikwa nayo uwanja wa ndege, ni jela."

Bi Samia akapiga simu palepale.

"Lakini bibi, karatasi ina muhuri!"

"Muhuri unasema imo, mwanangu. Goti nitalivumilia. Wewe kufungwa sitaweza."

Hamad akasema, "Halas, basi, bibi. Nimeitoa kwenye sanduku."

Hamad alifika mikono mitupu, akapita uwanja wa ndege salama. Alimpeleka bibi yake kliniki. Daktari alimpa dawa na mazoezi. Kila asubuhi Hamad alikaa sakafuni, akimhesabia anaponyoosha mguu.

Siku ya safari, Bi Samia alishuka ngazi zote kumsindikiza, polepole, bila kushikwa.

"Njoo tena," alisema. "Usilete kitu. Njoo wewe."