Ng'ombe wa Mahari na Mtaro wa Onsongo

Ndugu zangu wenye jalala nyuma ya jiko, sogeeni karibu. Hii inawahusu.

Asubuhi za Sabato kule Gesima hutulia hadi unasikia majani ya chai yakikua. Nimeyasikia kwa masikio haya haya. Mzee Onsongo alizipenda asubuhi hizo kuliko wote. Kijiji kizima kilikuwa kanisani, pamoja na mkewe Edinah, yeye akibaki nyumbani na goti lake lililouma Jumamosi tu.

Kisa chenyewe ni kwamba kamati ya kijiji ilikuwa imeweka utaratibu mpya. Maganda ya ndizi na mabaki ya chakula yatiwe kwenye ndoo, yachukuliwe bure, yakaozeshwe yawe mboji. Takataka nyingine zijazwe guniani, na kila gunia lilipiwe shilingi hamsini.

"Hamsini kwa uchafu wangu mwenyewe?" Onsongo aliteta. "Kesho watanitoza nikipiga chafya!"

"Si utenganishe, Baba Ian? Ndoo hiyo hapo," Edinah akamwambia.

"Mikono hii imeshika chaki miaka thelathini. Haitachambua maganda."

Basi kila Sabato, nyimbo zikisikika kutoka kanisani, alifunga vyote pamoja, maganda ndani ya karatasi za nailoni za mkate, akavitupa mtaroni nyuma ya shamba lake la chai. Mtaro ulinuka. Nzi wake walinenepa hadi wakawa wanatembea kwa miguu. Mvua ikinyesha, maji meusi yaliteremka kuelekea chemchemi ya kijiji. Onsongo aliyaona, akajiambia ni udongo tu.

Sasa, karibu na mtaro huo ndipo alipomfunga ng'ombe wake mwekundu. Ng'ombe huyo hakuwa wa mchezo. Mwezi ule alikuwa apelekwe Nyamarambe kwa mzee Nyamongo, awe mahari ya binti yake Bathsheba, mchumba wa Ian, mwana wa Onsongo. Ng'ombe akavutwa na harufu ya maganda, na kwa kuwa hana vidole vya kufungua fundo, akameza pamoja na karatasi.

Sabato moja Onsongo alimkuta amelala, ubavu wa kushoto umetuna kama ngoma, ulimi nje. Goti lilipona papo hapo! Alitimua mbio hadi kanisani, akaingia katikati ya mahubiri.

"Ng'ombe wa Ian anakufa!"

Waumini walimwagika nje na suti zao. Mchungaji alikamata pembe, tai begani. Damaris, daktari wa mifugo aliyekuwa kwenye kwaya, aliletewa vifaa vyake kwa pikipiki, akadunga ganzi, akapasua ubavu. Akatoa karatasi ya kwanza, ya pili, ya kumi. Mimi sipendi kutia chumvi, lakini zingetosha kuezeka darasa.

"Nani analisha ng'ombe karatasi?" Damaris aliuliza.

Edinah aliokota moja, akaigeuza. "Huu si mkate wetu?" Akamtazama mumewe. "Kumbe goti lilikuwa na kazi, Baba Ian!"

Watu waliangua kicheko. Onsongo hakucheka.

"Ni mimi," alisema, machozi yakimtoka. "Nimekwepa hamsini, nikakaribia kumuua ng'ombe wa mtoto wangu. Na maji mnayokunywa, mimi ndiye niliyeyachafua."

Siku ya tatu ng'ombe alisimama. Onsongo alisafisha mtaro kwa mikono yake, akalipia kila gunia. Siku hizi nyumba yake hutoa gunia moja kwa mwezi. Mengine ni mboji, na sukumawiki ya Edinah ina majani ya kujikinga mvua. Maji ya chemchemi yameanza kung'aa tena.

Nyamongo alipokuja kumkagua ng'ombe, aliupapasa ule mshono kwa muda mrefu. Onsongo alimsimulia yote bila kuficha.

"Ameshonwa kama mpira," Nyamongo alisema hatimaye. "Nitamchukua hivyo hivyo. Lakini siku ya kumleta, njoo utufundishe hiyo kazi ya ndoo. Hata kwangu kuna mtaro."

FUNZO

Ada ya takataka haikuwekwa ili tunyonywe. Imewekwa ili anayetupa zaidi alipe zaidi, na anayetenganisha apate nafuu. Ganda likioza kwenye mboji hurudi shambani likiwa chakula. Likitupwa mtaroni, hurudi kwenye kikombe chako na tumboni mwa mifugo yako. Usingoje daktari apasue ndipo uone ulichotupa. Anza leo, na ganda la ndizi ya mchana huu.