Sauti ya Baba Kwenye Gemu la Binti

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko sebuleni, karibu na dirisha. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea. Anatengeneza milango na madirisha ya chuma. Binti yetu yuko chuo. Akirudi jioni ananisaidia kushona vifungo, halafu anashika simu na kucheza gemu.

Gemu lenyewe ni la kulinda ngome. Wachezaji watano wanakuwa timu moja. Kila mmoja yuko kwao, na wanaongea kwa simu huku wanacheza. Binti yangu anajiita Sindano. Anaona mbali, yule. Adui hajafika, yeye keshajua atapita wapi. Sijui kamrithi nani, maana baba yake ukimtuma sokoni anapotea.

Jioni moja spika zake za masikioni ziliharibika, akafungulia sauti. Ndipo nikasikia. Alisema tu, "Nendeni kushoto." Mwanamume mmoja wa timu yake akacheka.

"Kumbe Sindano ni demu. Rudi jikoni, utatuunguzia mechi."

Mwingine, wa timu pinzani, akaandika, "Tuma picha kwanza, mrembo." Akaongeza maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Sindano alinyamaza. Wenzake wakaenda kulia, wakapigwa, kisha wakamlaumu yeye.

Nilisimamisha cherehani. "Kila siku wanakufanyia hivi?"

"Nikisema tu, mama. Nikinyamaza hawajui kama mimi ni msichana."

Baba yake alikuwa ananawa. Alikuja na povu mikononi, akaichukua simu. "Nani anamwambia mwenzake arudi jikoni?" Mume wangu ana sauti nzito, sauti ya mtu aliyezoea kushindana na kelele za chuma.

"Samahani, mkuu," yule wa jikoni akasema. "Tulidhani anayecheza ni binti. Kumbe Sindano ni wewe."

Mume wangu hakukanusha. Akapata wazo. "Mwanangu, wewe ninong'oneze, mimi nitasema." Hapo ndipo tulipokosea.

Wakaanza kukaa kochi moja kila jioni. Binti anacheza na kunong'ona, baba anarudia kwa sauti. Mara nyingine anachelewa. Binti ananong'ona "rudini," baba anapiga chafya, watu wanakufa. Hata hivyo timu iliingia mashindano ya gemu hilo, ikashinda na kushinda mpaka fainali. Wakamwita Kapteni. Basi, mume wangu kidevu juu. Akaanza kuniagiza chai kwa sauti ya kapteni. Nilimwonyesha jiko lilipo.

Siku moja waandaaji wa mashindano walitaka kila timu iliyofika fainali ichague kapteni wake. Timu yetu ikamchagua baba mtu. Alikuja na simu ya binti mkononi, akatuambia huku anacheka. Sindano akaweka vifungo chini.

"Baba, nashukuru. Ila mimi naacha gemu."

"Unaacha? Si tumefika fainali?"

"Umefika wewe, baba. Mimi sipo. Hakuna hata mmoja anayejua kwamba nipo."

Mume wangu alikaa. Alitazama simu, akamtazama binti yake, akaiweka simu mezani. Iliniuma kuwaona hivyo wote wawili.

Bahati nzuri, kesho yake jirani alikuja kuchukua gauni lake. Ni mwanamke anayeendesha chumba cha kompyuta mtaani kwetu, na amewahi kusimamia mashindano ya gemu. Tukamweleza yote. Hakutucheka.

"Shemeji," alimwambia mume wangu, "nia yako ni njema. Lakini walitaka anyamaze, na amenyamaza. Umewasaidia wao."

"Sasa nimwache atukanwe?"

"Hapana. Kosa ni la anayetukana, na yeye ndiye wa kubanwa." Akamgeukia binti. "Mwanangu, usijibizane nao, wanapenda hivyo. Wakiandika matusi, piga picha ya skrini, na jina la mtu lionekane. Ndani ya gemu kuna mahali pa kuripoti. Ripoti, halafu mzuie mtu huyo asikufikie tena. Na hizo picha watumie waandaaji."

"Watanisikiliza?"

"Wakikaa kimya, tuma tena. Mimi nitakuwa pamoja nawe. Na mtu akikuomba picha au namba, usimpe, hata akibembeleza vipi."

"Na mimi je?" mume wangu akauliza kwa unyonge.

"Wewe ongea na wanaume wenzako, kwa jina lako mwenyewe. Waambie wakisikia tusi wasicheke. Mtukanaji asiyechekewa anachoka haraka."

Yule wa kuomba picha alikuwa bado anamwandikia. Sindano akaghairi kuacha gemu, akakusanya picha za skrini, akaripoti, akawatumia waandaaji. Haikupita wiki, mtu huyo akafungiwa asicheze.

Siku ya fainali ikafika. Mume wangu akashika simu, jasho linamtoka. "Vijana, mimi si Sindano. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Milango ndiyo kazi yangu, lakini humo ndani hata kufungua mlango siwezi. Aliyewafikisha hapa ni binti yangu. Kila neno mlilolisifu lilikuwa lake. Niliongea badala yake, nikakosea. Huyu hapa." Akampa simu, akahama kochi.

Yule wa jikoni akaanza, "Yaani muda wote tunaongozwa na..."

Mwenzake akamkata. "Muda wote tunashinda. Nyamaza, tumsikilize kapteni."

Halafu ikaja sauti ya mchezaji ambaye hajawahi kusema neno. "Kapteni, niko nyuma yako. Mimi pia ni msichana. Nilikuwa naogopa kuongea."

Sindano akanitazama. Machozi yalimlengalenga, akayafuta. "Haya. Wawili kushoto, mmoja abaki nami. Wewe wa jikoni, linda lango, na usituunguzie mechi."

Alililinda. Wakashinda. Baada ya mechi yule wa jikoni akamwomba Sindano radhi, timu nzima ikisikia. Mimi nilipiga vigelegele mpaka uzi ukanidondoka.

Siku hizi jirani wa upande wa pili wa ukuta analalamika. Anasema jioni binti yangu anatoa amri mpaka barabarani wanasikia. Ni kweli. Nilimwambia avumilie, kapteni yuko kazini.