Hodi Chini ya Boneti

Asubuhi ya Jumamosi ile haikuwa na kasoro. Jua lilikuwa limechomoza vizuri, nguo zilikuwa kambani, na Fundi Pampu alikuwa uani amekunja mikono ya shati, akilizunguka jipu, gari la marehemu baba yake, kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua. Jina la Pampu alipewa na mtaa kwa kazi yake ya kutengeneza mashine za kuvuta maji. Injini alizijua. Ila hakuwahi kutoa injini ya gari moja na kuipachika kwenye jingine, na hilo ndilo alilokusudia kulifanya nyumbani kwake, kwa mikono yake, kabla mvua hazijaanza.

Alikuwa na sababu, na haikuwa ya mchezo. Miaka miwili nyuma mkewe alishikwa na uchungu mvua ikinyesha. Hospitali iko ng'ambo ya kilima, na barabara ya kilima hicho ikilowa haipandwi ila na gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Jipu lilikuwa na magurudumu hayo. Lilichokosa ni pumzi. Injini yake kuukuu ya petroli ilikohoa katikati ya mlima, ikazima, ikagoma kuwaka tena. Mtoto wao wa kwanza akazaliwa kwenye kiti cha nyuma, bila mkunga, na hakulia. Tangu siku ile Fundi Pampu hakuweza kulipita jipu bila kutazama pembeni.

Sasa mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba, na mtoto alikuwa mtundu. Alipiga teke moja kubwa, kisha mawili madogo ya harakaharaka, kama mtu aliyeteleza akajaribu kusimama. Kila jioni Fundi Pampu aliweka kiganja juu ya tumbo akayasubiri mateke hayo, na akiyapata alicheka peke yake. Alijiapiza kwamba huyu hatazaliwa njiani.

Injini ya dizeli aliipata kwa mzee mmoja muuza vyuma chakavu nje ya mji. Ilikuwa bado ndani ya pikapu iliyofichwa nyuma ya rundo la mabati, bampa limepinda na taa moja ya mbele imevunjika. Alichomoa kijiti cha oili, akakinusa, akaisugua ile oili kati ya vidole. Safi. Akauliza swali ambalo fundi yeyote angeuliza.

"Mzee, hii imewahi kugonga?"

Mzee alikuwa akikunja waya. Mikono yake ikasimama.

"Nani amekuambia?"

Fundi Pampu alishangaa. Akaeleza kwamba anauliza ule mlio wa vyuma injini ikichoka. Mzee akashusha pumzi ndefu, akasema ah, kugonga huko, hapana, hiyo haigongi, chukua. Akaiachia kwa bei ya kutupa. Mwenye haja haangalii uso wa muuzaji, na Fundi Pampu siku ile aliona injini tu.

Kazi ilimchukua wikendi tatu, akisaidiwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mwenye mdomo usiojua likizo. Shemeji alisema jipu likiiva hutumbuliwa, na hili la kwao limeiva tangu enzi za baba. Walifunga mnyororo kwenye fremu ya chuma ya tangi la maji, wakainyanyua ile injini ya petroli, wakaitupa kando ya ukuta. Hii mpya ilikuwa ndefu zaidi. Rejeta ikasogezwa mbele vidole vinne. Vikalio vya injini vikakatwa na kuchomelewa upya. Injini na giaboksi nazo zilikataana kabisa, tundu za bolti hazikulingana hata moja, ikabidi Fundi Pampu atoboe bamba nene la chuma liwe msuluhishi kati yao. Mkewe aliwaletea chai akawauliza kama wanatengeneza gari au wanafungisha ndoa.

Jumapili ya tatu, saa tisa alasiri, wakaiwasha. Ilitoa moshi, ikatikisika, ikakaa sawa. Mlio wake ulikuwa mzito na mtulivu. Fundi Pampu alihisi machozi yakimlenga, akajifanya moshi umemwingia machoni.

Halafu ikagonga.

Ngo, ngo, ngo. Ikanyamaza.

Alikunja uso. Injini mbovu hugonga kwa kufuata mzunguko wake. Ukiikanyagia mafuta, inagonga upesi zaidi. Hii haikufuata kitu. Iligonga mara tatu ikatulia, kama inayosikiliza. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka juu ya chuma cha injini, mpini akaukandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Ndivyo mafundi wanavyosikiliza tumbo la mashine.

Ngo, ngo, ngo.

"Inabisha hodi hiyo," alisema shemeji. "Ya pili sasa. Ikibisha ya tatu usipojibu, mgeni anaondoka zake."

Ngo, ngo, ngo.

Fundi Pampu, mpini ukiwa bado sikioni, akacheka na kusema neno ambalo hajaacha kulijutia.

"Karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mlio ukakoma palepale. Wakasubiri dakika kumi na haukurudi. Shemeji akajipiga kifua, akadai yeye ndiye fundi. Kwenye mlango wa jikoni, mke wa Fundi Pampu alikuwa ameinama, mkono mmoja ukutani, mwingine tumboni. Alisema si kitu, mtoto amestuka tu.

Kwa wiki nne gari lilikwenda kama maji. Lilipanda kilima na gia ya pili bila kuguna. Mtaa mzima ulilisifia, na Fundi Pampu akaanza kulala usingizi wa watu wenye amani. Jambo moja tu lilimkaa kooni. Kila jioni aliweka kiganja juu ya tumbo la mkewe kama zamani, na lile teke kubwa na wenzake wawili hayakuja. Kilichokuja kilikuwa na mpango. Tatu, kimya. Tatu, kimya.

Alinyamaza ili asimtishe mkewe. Mkewe naye alikuwa akinyamaza ili asimtishe yeye. Mwisho ni mke aliyeshindwa, jioni moja wakichambua mchele.

"Huyu hapigi teke siku hizi," alisema taratibu. "Anagonga."

Nesi wa kliniki aliusikiliza moyo wa mtoto akasema ni mzima, waache wasiwasi. Lakini neno lile, kugonga, lilimrudisha Fundi Pampu nyuma. Akakumbuka mikono ya mzee ilivyosimama. Nani amekuambia? Kesho yake kukicha alikuwa kwa muuza vyuma.

Mzee hakubisha. Alionekana kama mtu aliyekuwa akimngoja. Alisema pikapu ilikuwa ya mdogo wake, marehemu sasa. Mchana mmoja wa mvua, kwenye kona ya kilima kile kile, alimgonga mwanamke aliyekuwa akitembea kwa miguu kwenda hospitali. Mjamzito. Mwanamke akaanguka juu ya boneti, kisha akainuka, akaja hadi kwenye mlango wa gari akijishikilia.

"Hakupiga kelele," alisema mzee. "Aligonga kioo mara tatu akasema hodi, kwa adabu, kama yuko mlangoni kwa mtu. Mdogo wangu aliogopa. Hakufungua. Aliondoka, yule mama bado anagonga."

Walimkuta kesho yake kando ya barabara, yeye na mtoto aliyemzaa peke yake, wote wawili wamekwisha. Tangu hapo injini ikawa inagonga. Ndugu wale hawakuijibu hata siku moja, na ikawa inanyamaza yenyewe. Mgeni akibisha mara tatu asijibiwe, huenda zake.

"Na wewe usije ukajibu," mzee alimwambia.

"Nimeshajibu."

Mzee alisimama ghafla. Akamshika mkono akamtoa nje, akafunga geti la mabati kwa ndani. Fundi Pampu alisikia komeo likiingia.

Njiani kurudi alikuwa amekata shauri. Leo leo injini inatoka. Atamwomba shemeji, na akimkosa shemeji atainyanyua peke yake. Gari la jirani litapatikana, tela la trekta litapatikana, chochote. Lakini wingu lilikuwa limeshajikunja juu ya kilima, na alipofika nyumbani matone makubwa yalikuwa yakipiga bati. Mkewe alikuwa ameketi kizingitini na mfuko wake wa hospitali. Uchungu ulikuwa umeanza saa moja iliyopita, wiki tatu kabla ya siku zake.

Fundi Pampu alilitazama jipu. Akamtazama mkewe. Barabara ilikuwa inalowa na hapakuwa na gari jingine mtaani la kupanda kilima kile. Alimwinua, akamlaza kwenye kiti cha nyuma, akawasha.

Iliwaka mara moja. Haikugonga.

Kilimani maji yalikuwa yakishuka na tope. Magurudumu yaliteleza, yakashika, yakateleza. Injini ilivuta bila kulegea. Walipita mahali pale jipu lilipowazimikia mwaka ule, na Fundi Pampu alihema kama aliyetua mzigo. Kisha wakaikaribia kona.

Gari likapunguza mwendo. Mguu wake ulikuwa juu ya mafuta. Likapunguza tu, taratibu, kama linalomchukua abiria, halafu likaendelea.

Nyuma, mkewe alikunja miguu yake. Alijisogeza upande mmoja wa kiti, akabana, akaacha nafasi.

"Mume wangu," alinong'ona. "Umemkaribisha nani?"

Fundi Pampu alikanyaga mafuta. Hakuangalia kioo. Alishika usukani hadi vidole vikafa ganzi, akatazama barabara, barabara tu, mpaka taa za hospitali. Alipofungua mlango wa nyuma kumtoa mkewe, nusu ya kiti, ile ambayo hakuna aliyeikalia, ilikuwa imelowa chapachapa.

Mkunga aliwapokea vizuri. Mama mtu mzima, mchangamfu. Alimchukua mgonjwa hadi mlango wa chumba cha kujifungulia, akageuka, akatazama nyuma ya Fundi Pampu.

"Na huyu mwenzenu mbona anasimama mlangoni? Mama, karibu, karibu ndani."

Akaufungua mlango zaidi, akangoja kidogo, kisha akaufunga.

Fundi Pampu aliketi kwenye benchi la ukumbini. Baada ya saa mbili akasikia mtoto akilia, mlio mkali, wenye afya. Alilia na yeye. Alijiambia kwamba mvua imeshindwa, kilima kimeshindwa, na kwamba mwanamke yule alichotaka ni kufikishwa hospitali tu, na amefikishwa. Alimshukuru Mungu kwa sauti.

Alipoingia, mkewe alikuwa ameegemea mto, mtoto kifuani. Msichana. Mkewe hakuwa akimtazama mtoto. Mkunga alikuwa pembeni na uso mwingine kabisa, uchangamfu wote umemtoka. Alimvuta Fundi Pampu kando akamwonyesha kitu ndani ya kitambaa. Alisema amezalisha miaka ishirini na sita na hajui aandike nini. Kilikuwa ndani ya ngumi ya mtoto, ngumi iliyofungwa tangu alipotoka.

Kipande cha kioo, chenye mistari. Cha taa ya mbele ya gari.

"Mzuri," mkewe alisema kutoka kitandani, akiwa bado anatazama ukuta. "Nitamnyonyesha. Hana kosa. Lakini wangu alikuwa anapiga teke."

Alisema hivyo mara moja tu, na hajarudia tena mpaka leo.

Fundi Pampu alitoka nje. Mvua ilikuwa imekatika. Jipu lilisimama uwanjani limezimwa, baridi, maji yakidondoka kwenye bampa. Hakujua kwa nini alifungua boneti. Hakujua kwa nini alichukua bisibisi. Aliweka ncha juu ya chuma, mpini nyuma ya sikio, akazuia pumzi.

Kimya.

Kimya.

Kisha, ndani kabisa, kitu kikapiga. Hakikugonga. Moja kubwa. Halafu mawili madogo ya harakaharaka, kama mtu aliyeteleza akajaribu kusimama.

Miaka tisa imepita. Binti yao ana adabu inayowashangaza walimu; haingii chumba chochote, hata cha kwao, bila kugonga mara tatu na kungoja aambiwe. Jipu liko palepale uani chini ya bati, halijawashwa tena. Wanunuzi wamekuja wamefukuzwa. Mafundi wamekuja kuomba injini wamefukuzwa kwa matusi. Majirani wanasema Pampu amependa chuma kupita kiasi, na shemeji hafanyi mzaha tena akifika pale.

Kila alasiri baada ya kazi anafungua boneti, anaweka bisibisi, anainama. Ukipita karibu na ukuta utamsikia akiongea na injini kwa sauti ya chini, akirudia neno moja. Karibu. Karibu, mwanangu. Karibu ndani.

Anajua haifai kitu. Asiyebisha hodi hakaribishwi, na mtoto yule hakuna aliyemfundisha kubisha. Anachojua ni kupiga teke.