Kizibo katika Ukuta wa Magharibi

Maiti ya Sindre Vangsnes ililala chali juu ya jiwe la kizingiti, macho wazi, umande umetanda kwenye nyusi. Alikuwa msanifu majengo, umri miaka arobaini na mmoja, mtu wa kucheka ovyo.

Aliyemkuta ni Aslaug Fossheim, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi. Alikuwa ametangulia saa moja asubuhi, Jumamosi, na chupa mbili za kahawa na mikate ya jibini ya kahawia, maana siku hiyo kijiji kizima cha Skarvdalen kilikuwa kije kwenye msaragambo wa kuezeka paa kwa nyasi. Hakupiga mayowe. Alipiga simu polisi, kisha akasimama barabarani kuwarudisha watu makwao.

Inspekta Torbjørg Lien alifika saa mbili kasoro, magoti yakimuuma kama kawaida ya Septemba. Aliinua macho kuitazama nyumba. Ilikuwa nyumba ya magogo ya ghorofa moja, ya miaka mia nne, iliyofunguliwa gogo kwa gogo, ikahifadhiwa, na sasa ikasimamishwa upya iwe ukumbi wa kijiji. Roshani ya juu ilikuwa bado haina ukingo.

"Ameanguka?" aliuliza.

"Kutoka roshani, mita nne," alijibu daktari wa polisi. "Lakini tazama kifuani. Michubuko miwili, upana wa viganja. Amesukumwa."

"Lini?"

"Jana. Kati ya saa nane mchana na saa kumi na moja."

Ijumaa mafundi hufunga kazi mapema. Seremala mkuu, Halvard Ødegard, alisema aliondoka saa tano na nusu kwenda kwenye kibanda chake mlimani. Maseremala wake wawili walikuwa harusini, bonde la pili, tangu saa sita. Aliyebaki ni mmoja tu: Vytautas, mwezekaji kutoka Lithuania. Jirani alimsikia saa nane akifokeana na marehemu.

Kufika saa tano Vytautas alikuwa mahabusu, na mkuu wa kituo anasugua mikono.

"Unangoja nini, Torbjørg? Mgomvi tunaye. Saa kumi jioni namkabidhi kwa mwendesha mashtaka."

"Ugomvi si uuaji."

"Basi niletee mwingine kabla ya saa kumi."

Torbjørg alimchukia kwa sauti ile, na hakuficha. Aliubamiza mlango.

Vytautas alikuwa ameketi mikono katikati ya mapaja.

"Mligombania nini?"

"Magome ya miti. Alitaka niweke matabaka sita chini ya nyasi kuzuia maji. Nikamwambia, bwana, dunia nzima inaweka nailoni."

"Akasemaje?"

"Akaniita mshamba wa plastiki. Nikamwita mzee wa makumbusho. Tukacheka. Nikachukua nyundo yangu, nikaenda zangu."

"Nani alikuona ukienda?"

"Hakuna. Inspekta, kesho asubuhi nina meli. Mke wangu anajifungua wiki hii, mtoto wa kwanza. Mimi nimuue mtu kwa ajili ya magome?"

Torbjørg alimwamini. Tatizo ni kwamba imani yake haikuwa ushahidi, na saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasorobo.

Alirudi kwenye vitu vya marehemu. Konstebo Amund alikuwa amevipanga mezani: funguo, simu iliyovunjika, kompyuta iliyofungwa kwa nywila, na stakabadhi ya kifurushi kilichochukuliwa dukani Ijumaa saa saba mchana.

"Kifurushi kiko wapi?"

"Boksi liko garini mwake," Amund alisema. "Tupu."

Mwenye duka alikumbuka vizuri. "Alilifungulia hapa hapa kauntani, kama mtoto siku ya Krismasi. Keekee ndefu, nyembamba kama penseli, tupu katikati. Alisema ni ya kuchomoa sampuli kwenye mti, uhesabu umri wake."

"Alisema anakwenda kutoboa nini?"

"Ukuta wa magharibi. Alisema anataka kujua umri wake halisi."

Basi keekee iko wapi? Na tundu je?

Walipanda roshani. Amund alimulika tochi ukutani, gogo baada ya gogo, kote kweusi kwa moshi wa karne. Hakuna tundu.

"Labda hakuwahi kutoboa," alisema.

"Kwenye mikono ya sweta yake kulikuwa na unga mweupe wa mti. Ametoboa."

Torbjørg alivua glovu, akapitisha kiganja taratibu. Kwenye gogo la tano kidole kilinasa kidogo. Alikinusa. Lami ya msonobari, mbichi. Alikwangua kwa ukucha, na chini yake kukaonekana kizibo cha mti, duara ndogo, kimekatwa sawasawa na uso wa gogo, nyuzi zake zimelala upande mmoja na nyuzi za gogo. Usingekiona ukitafuta kwa macho tu.

Amund alipiga mluzi. "Nani anaua mtu halafu anakaa kuchonga kizibo?"

"Mtu asiyeweza kuliacha tundu wazi upande unaopigwa na mvua."

Keekee ilifika saa saba, kwa hiyo aliyeziba alikuwapo hapa baada ya hapo. Alimpigia simu askari wa mahabusu. "Mwulize Vytautas hivi: ukikuta tundu kwenye ukuta wa mbao, unaziba na nini?"

Jibu lilirudi dakika ile ile. "Anasema silikoni. Anauliza kwani kuna dawa nyingine?"

Saa tisa na robo Halvard Ødegard, seremala pekee asiye na shahidi, aliketi mbele ya kinasa sauti. Miaka sitini na sita, mabega mapana, shati limepigwa pasi. Kila mtu Skarvdalen alikuwa amelala angalau usiku mmoja chini ya paa alilolijenga yeye, Torbjørg mwenyewe hakukosa.

"Jana mchana, kuanzia saa nane, ulikuwa wapi, Halvard?"

"Mlimani. Nimeshasema."

"Nani alikuona?"

"Kondoo."

"Hukurudi kazini?"

"Ijumaa? Narudi kufanya nini?"

"Sindre alikuwa na keekee ya kuchukulia sampuli. Ulijua?"

"Sindre alikuwa na vidude vingi."

Torbjørg aliweka mezani mfuko mdogo wa plastiki. Ndani mlikuwa na kizibo, kimechongwa kwa kisu, pande nane, kimekonda mbele. Mtaalamu wa polisi alikitoa kwa koleo, na kilikuwa kimepasuka urefu wake wote.

Uso wa Halvard ulibadilika. Ulijaa hasira tupu, ya mtu aliyeharibiwa kazi.

"Nani amekitoa hivi? Mmekipasua! Hicho hakivutwi, hicho kimekaushwa jikoni makusudi kivimbe ndani. Na tundu mmeliacha wazi? Usiku huu mvua inakuja!"

Kinasa sauti kiliendelea kuzunguka. Halvard alisikia maneno yake mwenyewe, akaishusha mikono mezani.

"Nani alikikausha jikoni?" Torbjørg aliuliza polepole.

"Mimi."

"Jikoni kwa nani?"

"Kwangu. Nilikwenda nyumbani, nikachonga, nikarudi. Yeye alikuwa bado pale chini. Nilimruka."

Amund aligeuza uso.

"Kwa nini, Halvard?"

Yakatoka yote, bila kupanda wala kushuka kwa sauti.

"Magogo yalikuwa uani kwangu, yana namba, yamefunikwa turubai, tunangoja kibali. Mwaka wa pili nilikwenda kuwinda wiki tatu. Upepo ukalivuta turubai, na mimi nilikuwa sijalifunga vizuri. Niliporudi sikulitazama, na theluji ikaanguka. Masika nikafunua. Magogo saba ya magharibi yalikuwa yanamegeka kama mkate. Miaka mia nne yamesimama, Torbjørg. Mikononi mwangu yameoza kwa msimu mmoja."

"Ukachonga mengine."

"Miaka mitatu, peke yangu ghalani. Kwa shoka, kama wao. Nikayafukiza moshi. Wakaja wataalamu wa mambo ya kale, wakapapasa, wakasema tazama mababu walivyojua kazi. Nikanyamaza. Jana nimepitia kuchukua msumeno, namkuta ameshika kijiti kilichotoka kwenye keekee, anahesabu. Akaniambia, 'Halvard, mti huu umekatwa juzi juzi.' Nikaona bonde zima linanitazama. Nikamsukuma. Keekee na kijiti nimevitupa mtoni."

Mlango uligongwa. Askari alimpa Amund karatasi: mafundi wa kompyuta walikuwa wamepata nywila, na hii ilikuwa rasimu ya ripoti ya Sindre, imeandikwa Alhamisi. Amund aliisoma, akampa bosi wake.

Torbjørg aliisoma mara mbili. Alifikiri amwachie wakili wa Halvard aione kwanza. Kisha akaona kwamba marehemu naye ana haki ya kusikilizwa.

"Anaandika hivi. 'Nina shaka magogo saba ya ukuta wa magharibi si ya zamani, kesho nitathibitisha. Ikiwa ndivyo, napendekeza yasiguswe. Ni kazi bora kuliko kuta tatu nyingine. Anayeweza kuchonga hivi bado yuko hai katika bonde hili, nadhani namjua. Nitamwomba ruhusa jina lake liandikwe mlangoni.'"

Halvard alinyoosha mkono akachukua karatasi. Aliisoma mwenyewe, midomo ikitembea, hadi mwisho, akarudia mwanzo.

"Hakuniambia," alisema.

"Hakuwa na neno lingine baada ya lile la mti?"

Mzee alifumba macho. Machozi yalipita kwenye mikunjo ya mashavu bila yeye kuyafuta.

"Alisema, 'Halvard, mti huu umekatwa juzi juzi,' akawa anatabasamu. Akasema, 'na sikiliza.'" Alipumua. "Sikusikiliza."

Torbjørg alizima kinasa sauti saa kumi kasoro dakika nane, akampigia simu askari wa mahabusu amfungulie Vytautas.